Bi Kalamu na Mawimbi Mia Nne na Kumi na Mawili Aliyoyafuta

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu tunayemwita Bi Kalamu atafunga droo ya meza yake, atakabidhi ufunguo kwa katibu muhtasi na kuondoka katika Kituo cha Utabiri wa Bahari baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Amefanya kazi chini ya wakuu wanane wa kituo na amehama ofisi mara tatu ndani ya jengo lile lile. Amechelewa kazini siku moja tu, na siku hiyo aliandika barua ya kujieleza ya kurasa mbili wakati hakuna aliyekuwa ametambua kwamba hayupo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka ishirini na minane, na kwa sababu wenzangu wote walisingizia wana shughuli.

Nawaambia mapema kwamba sitamwaga sifa tupu. Mwenyewe amenitisha: alisema nikiliacha kosa lake kubwa, atasimama mbele ya wageni anisahihishe, na sisi tunaomjua tunajua hana masihara. Basi nitasimulia yote. Nitasimulia kosa, na nitasimulia swali aliloulizwa kwa sababu ya kosa hilo, swali lililomshika miaka ishirini na sita: je, wimbi linaloua linaweza kujulikana kabla halijafika?

Bi Kalamu aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili, karani wa takwimu daraja la chini kabisa. Ofisi ya mawimbi wakati huo ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya pili, chenye meza nne, kabati la chuma lisilofunga vizuri na dirisha lililotazama ukuta wa jengo jirani. Watu hucheka nikiwaambia kwamba tuliokuwa tukipima bahari hatukuwa tukiiona. Boya letu, chombo kinachoelea, lilikuwa mbali huko baharini, limefungwa kwa mnyororo, na ndani yake kulikuwa na kifaa kilichoamka kila baada ya saa tatu, kikapima mawimbi kwa dakika ishirini, kikatuma habari kwa redio, kisha kikalala tena. Chumbani, sindano ya wino ilichora mstari wa kupanda na kushuka juu ya karatasi ndefu iliyoviringwa. Kazi ya karani ilikuwa kuchukua rula, kupima kila mlima wa mstari huo na kuandika vimo kitabuni.

Ukutani, juu ya meza yake, palibandikwa amri. Kwa lugha nyepesi ilisema hivi: chukua mawimbi ya dakika hizo ishirini, tenga theluthi iliyo kubwa zaidi, piga wastani wake, hicho ndicho kimo cha bahari kwa wakati huo. Wimbi lolote linalozidi maradufu ya kimo hicho ni kosa la kifaa. Lifutwe. Aliyeiandika alikuwa mtaalamu na shahada zake, na vitabu vya siku hizo vilimuunga mkono. Wimbi la namna hiyo lilihesabiwa kuwa haliwezekani, au linatokea kwa nadra mno hata haifai kulifikiria. Mabaharia waliosimulia kwamba wamekutana nalo walichukuliwa kuwa watia chumvi.

Basi yeye akafuta. Na alifuta kwa ustadi jamani! Wenzake walikuwa wakipitisha kalamu hovyo na kuendelea na mazungumzo. Yeye alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwa rula, na pembeni akaandika saa, kimo alichokipima, na maneno matatu: kosa la kifaa. Hakuna aliyemwagiza kuandika hayo. Alipoulizwa, alisema hawezi kukiondoa kitu kitabuni bila kukiachia anwani. Wakamcheka, wakampachika jina la Bi Kalamu, na jina likamganda. Nina hakika baadhi ya wahandisi wetu wa kompyuta hawajui jina lake la kuzaliwa, na wakiambiwa watabisha.

Hiyo rula nayo ina visa vyake. Siku ya kumuaga mkuu wetu wa tatu alikata keki kwa rula, vipande thelathini na sita vinavyolingana, na dereva wa kituo, aliyezoea kujichukulia cha pembeni kilicho kikubwa, alinuna wiki nzima. Fomu yangu ya likizo aliirudisha mara mbili kwa sababu sahihi ilipanda juu ya mstari. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole kuliko wote niliowahi kukutana nao. Husema nyumbani hapindi suruali ya mteja mpaka mke awe ametoka, maana akiwepo atamwambia mguu wa kushoto umezidi kwa upana wa uzi. Aliwahi kuyasema hayo mbele ya mkewe, anacheka, na mkewe akajibu kwamba mguu ulikuwa umezidi kweli.

Sasa nije kwenye kosa. Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, meli moja ya mizigo iliingia bandarini ikiwa na madirisha ya chumba cha usukani yamevunjika yote na vyuma vya sitaha vimepinda. Mpishi wa meli, baba wa watoto wawili, alikuwa amechukuliwa na maji. Nahodha alieleza kwamba bahari ilikuwa mbaya lakini ya kawaida kwa mtu wa kazi hiyo, kisha mbele yake likafunguka shimo, na nyuma ya shimo likasimama wimbi moja refu kuliko chumba alichosimama. Kamati ya uchunguzi ikatuandikia kuuliza bahari ilikuwaje saa hiyo. Tukajibu kwa karatasi safi yenye mhuri: wimbi kubwa kuliko yote lilikuwa mita kumi na tatu. Nahodha akaonekana mwongo anayeficha uzembe wake, kwamba alikwenda mbio kupita kiasi. Akanyang'anywa leseni.

Bi Kalamu alisikia habari hiyo kwenye redio, jikoni kwake, akimenya viazi. Mtangazaji alitaja tarehe na saa. Mumewe anasema alidhani mkewe amejikata kidole, jinsi uso ulivyobadilika ghafla. Aliikumbuka saa ile, maana alikuwa ameipigia mstari mwekundu: mita kumi na nane na nukta sita, kosa la kifaa. Kesho yake alifika ofisini kabla ya mfagizi, akatoa kitabu kabatini, akaukuta mwandiko wake umekaa pale, umenyooka, hauna hata doa.

Mimi nilikuwa na miaka miwili tu kazini, na nakiri kwamba ushauri wangu ulikuwa anyamaze. Nilimwambia amefuata amri, na akijitia kimbelembele atamwaga unga bure. Mkuu wa kituo wa wakati huo alimwambia jambo hilo hilo kwa sauti ya kiofisi: kifaa kilikosea, amri ni amri, faili limefungwa. Mwingine angebishana. Yeye aliomba kitu kimoja tu, kwamba kama kifaa kilikosea basi kitolewe majini kikapimwe, kwa sababu kifaa kinachokosea hakifai kuachwa kiendelee na kazi. Mkuu akatia sahihi huku amekunja uso.

Fundi wa maboya alikwenda akakitoa, akakileta karakana, akakifunga kwenye gurudumu kubwa linalokipandisha na kukishusha kwa kimo kinachojulikana, na akalizungusha siku tatu mfululizo. Kila mapumziko ya chai Bi Kalamu alishuka kwenda kusimama kando ya gurudumu, mikono kifuani. Siku ya tatu fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, akamwambia kifaa ni kizima kama siku kilipotoka kiwandani. Fundi anasema hajawahi kumwona mtu mwingine anaambiwa kifaa chake ni kizima akapokea kama habari ya msiba. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Maana kama kifaa kilikuwa kizima siku ile, basi kilikuwa kizima siku zote. Alirudi juu, akafungua vitabu vyake vya miaka kumi na miwili, akaihesabu mistari yake myekundu. Ilikuwa mia nne na kumi na miwili.

Mingi ilihusu mawimbi ambayo yasingemtisha mtu, kama wimbi la mita nne katika bahari ya mita moja na nusu, la kumwagia baharia chai yake. Lakini kumi na tisa yalizidi mita kumi na tano. Yote yalikuwa yametokea kweli, na yote alikuwa ameyafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kamati ilikubali kumsikiliza. Mkuu alimwonya kwamba akienda huko anakwenda kwa jina lake, kituo hakimo. Alivaa gauni aliloshonewa na mumewe, akasimama mbele ya watu watano, Nahodha mwenyewe ameketi upande, akasema bila kuzungukazunguka kwamba wimbi lilikuwepo, lilipimwa, na aliyelifuta ni yeye. Kisha, kwa sababu ni Bi Kalamu, akaongeza kwamba wimbi la namna hiyo haliishi sana. Boya lilikuwa umbali wa kutembea nusu saa kutoka pale meli ilipokuwa, hivyo lile la boyani na lile lililoipiga meli huenda hayakuwa moja. Ila yalikuwa ya bahari moja na wakati mmoja, na aliyeona la kwake asiitwe mwongo. Mwanasheria wa kamati alimuuliza kama anajua anaweza kupoteza kazi. Alisema anajua. Leseni ya Nahodha ilirudishwa baada ya miezi mitano. Bi Kalamu naye alipata barua ya onyo kwa kusema nje bila kibali, ambayo mpaka leo imo kwenye faili lake, na ambayo napendekeza mkuu wetu wa sasa aichane hapa hapa mbele ya wageni.

Lakini leseni kurudishwa hakukumtuliza, kwa sababu ya mpishi. Alikwenda na mumewe nyumbani kwa mjane. Walikaribishwa, wakapewa viti, naye akaeleza alichofanya, tangu amri ya ukutani mpaka mstari mwekundu. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama mawimbi yale mia nne yasingefutwa, mume wake angeonywa? Na je, la siku nyingine linaweza kujulikana kabla? Bi Kalamu alijibu kwamba hajui. Aliporudi ofisini alituambia kwamba kusema hajui mbele ya yule mama kulimuuma kuliko barua ya onyo, na kwamba hataondoka kazini mpaka awe na jibu la kumpelekea. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Tulidhani ni uchungu unaosema.

Nahodha alikuja kituoni wiki mbili baada ya kupata leseni. Tulifikiri kaja kushukuru, tukamwekea kiti. Thubutu! Alikuja kugomba. Alisimama mbele ya meza ya Bi Kalamu, mtu wa mabega mapana na sauti iliyozoea kushindana na upepo, akamuuliza mtu mwenye akili zake timamu anawezaje kuifuta bahari. Bi Kalamu hakujitetea. Alisema alifuta kwa sababu aliambiwa afute, na hakuuliza. Nahodha alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa saa nzima. Akakivuta kile kiti, akaketi. Alipoketi akaanza kusimulia, akasimulia mpaka mfagizi akatuomba tupishe. Lililo la maana kuliko yote alilisema kama jambo la kupita tu: siku ile bahari ilikuwa ikija kutoka pande mbili, mawimbi ya upepo wa siku hiyo yakikatana na mawimbi marefu ya dhoruba iliyokuwa mbali sana, na mkondo wa maji ulikuwa ukiyapinga uso kwa uso. Bi Kalamu aliandika kila neno.

Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri chumba chetu kikawa baraza la mabaharia. Walikuja manahodha, wahandisi wa injini, wapishi, marubani wanaoongoza meli bandarini, na kiti changu ndicho kilichokuwa cha kwanza kuchukuliwa. Aliwauliza maswali matatu yale yale: mawimbi yalitoka wapi, mkondo ulielekea wapi, na kabla yake mliona nini. Waliotia chumvi aliwakamata kwa kuwauliza maji yalifika ngazi ya ngapi, na ngazi hizo ziko ngapi kwa jumla. Nahodha alihudhuria kila alipokuwa nchi kavu, na kila alipohudhuria walibishana. Siku moja nilitoka nje nikidhani wamefarakana, kumbe walikuwa wanapanga Alhamisi ijayo. Miaka tisa ilimpa simulizi mia mbili na tatu. Akaziweka kando ya mistari yake myekundu, akaona zinazungumza jambo moja: haya mawimbi yana saa zake. Huja zaidi pale bahari mbili zinapokatana, na huzidi pale mkondo unapoyasukuma kinyume.

Kwa wasio wa fani hii, alikuwa na namna yake ya kueleza, nayo ilivunja watu mbavu. Siku wageni wa wizara walipokuja kuuliza wimbi kubwa linatoka wapi wakati upepo haujabadilika, aliwatoa wafanyakazi wote ishirini na wawili vyumbani, akatupa kila mmoja kikombe cha maji, akatuamuru tutembee ukumbini kuelekea mlango mmoja, kila mtu kwa mwendo wake wa kawaida, kutoka pande zote mbili. Dakika ya kwanza mlangoni hapakuwa na mtu. Ya pili, watatu. Ya tatu, dereva anayekimbia, mpokezi anayejikokota na mimi wa katikati tukafika sote pamoja na wengine tisa, pakawa na msongamano wa ajabu, na suti ya mgeni wa heshima ikalowa mpaka kiunoni. Hakuna aliyetupanga, Bi Kalamu aliwaambia. Ni miendo yetu tofauti iliyokutana mahali pamoja kwa nukta chache, na baada ya hapo mlango ukawa mtupu tena. Mgeni wa heshima alielewa. Fungu la fedha za maboya mapya lilipita mwaka huo.

Amri ya ukutani ilibadilishwa: sasa hakuna wimbi linalofutwa kabla kifaa hakijapimwa. Boya moja limekuwa kumi na moja, nayo hayalali. Kompyuta zilipoingia, Bi Kalamu alikuwa na miaka arobaini na saba, akaketi darasani na watu wa umri wa wanawe na kuuliza maswali mengi mpaka mwalimu akaanza kujificha wakati wa chakula. Baada ya hapo yeye na sisi tuliobaki tulitengeneza mfumo wa tahadhari mnaoujua, wa kijani, njano na nyekundu. Hatuwezi kusema wimbi fulani litasimama mahali fulani dakika fulani, na yeyote anayedai hivyo mwogopeni. Tunachoweza ni kusema saa zipi zina hatari kuliko nyingine. Njano inamwachia nahodha aamue mwenyewe. Nyekundu inafunga bandari.

Na hapo ndipo penye matata. Mwaka jana nyekundu ilitolewa mara mbili, bandari ikafungwa mara mbili, na mara zote mbili hakuna wimbi lililopimwa. Ukisema saa hizi zina hatari mara kumi kuliko kawaida, bado mara nyingi zitapita salama. Jaribu kumweleza hayo mkuu wa bandari! Aliandika barua kali, na wizara ikatuarifu kwamba ikitoka nyekundu nyingine tupu, rangi hiyo itaondolewa kabisa. Kazi yote ya miaka ishirini na sita ikawa inaning'inia kwenye tahadhari moja, na mwenyewe alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, bado hana jibu la kumpelekea mjane.

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu mwaka huu, bahari ilikuwa mita tatu na nusu, kitu ambacho meli ya abiria hukipita kila wiki. Kompyuta ilitoa njano, imekaribia nyekundu, lakini njano. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa zamu, na nilisema tuiache hivyo. Bi Kalamu aliinamia skrini. Aliona mawimbi marefu yanakuja kutoka mbali, upepo umeanza kugeuka mapema kuliko tulivyokisia, na mkondo unakwenda kinyume pale njia ya meli inapopita kwenye maji ya kina kifupi. Akasema kati ya saa nne na saa saba vyote vitatu vitakutana. Nilimwambia, na naona haya kuyaandika, kwamba anatafuta wimbi la kuagia kazi. Hakukasirika. Alisema ikiwa ni aibu, atabaki nayo yeye. Na tukikosea kwa njano, wa kuumia watakuwa ndani ya meli. Akatia mwenyewe sahihi ya nyekundu, kwa cheo kinachozidi changu, saa mbili na dakika arobaini.

Meli ya abiria ilikuwa imekwisha kupakia watu mia tatu na kumi na wawili, na honi ya kwanza imeshapigwa. Ikazuiwa. Mkuu wa bandari alipiga simu mara sita. Ya tano niliipokea mimi, na alichokisema siwezi kukiandika kwa sababu watoto wamo ukumbini. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Jua linawaka, bahari kwenye skrini iko vile vile, na mimi kichwani nimeshaanza kuitunga barua ya kuiomba radhi wizara. Bi Kalamu alikaa wima kitini, chai yake imepoa mbele yake. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Saa tano na dakika arobaini na nane, boya la nne, lililoko kwenye njia ile ile ya meli, lilituma wimbi moja la mita tisa na sentimita kumi. Kabla yake, shimo. Kwa ratiba ya siku hiyo meli ingekuwa hapo kati ya saa tano na nusu na saa sita. Sitadai kwamba ingezama. Ninachojua ni kwamba madirisha ya mbele ya meli ile yako mita nne tu juu ya maji, na kwamba hapo ndipo watu hupenda kuketi na watoto ili waone nje. Maji yalisimama, yakaanguka, yakaendelea na safari yake, na hapakuwa na mtu chini yake. Niliinuka nikamwomba radhi mbele ya wote, naye akaniambia niandike saa na kimo kwanza.

Baada ya siku kumi ilikuja barua ya malalamiko kutoka kwa abiria mmoja. Alisema meli ilichelewa saa tano nzima, mama yake mzee alikaa juu ya sanduku muda wote huo, watoto wake wawili walilia njaa mpaka wakalala sakafuni, na walipovuka hatimaye hawakuona wimbi lolote la maana. Alitaka kuambiwa ni mjinga gani aliyetoa tahadhari ile. Bi Kalamu alitusomea kwa sauti, amesimama, na alipofika kwenye watoto waliolala sakafuni machozi yakamtoka. Miaka ishirini na minane chumba kimoja, sikuwahi kumwona analia. Akatoa nakala, akaomba ruhusa ya nusu siku, akampelekea mjane wa mpishi iwe jibu la swali lake.

Kesho yake tulimuuliza Bi Kalamu mjane alisemaje. Alisema mjane aliisoma mara mbili, kisha akauliza hao watoto wana umri gani. Bi Kalamu hakujua. Basi alimjibu yule abiria kwa mkono wake: kwamba mjinga mwenyewe ni yeye, kwamba anaomba radhi kwa mama aliyekaa juu ya sanduku, na kwamba kuna mtu angependa kujua umri wa watoto. Jibu lilikuja kwenye kikaratasi kidogo, la mtu aliyeshangaa asijue aandike nini. Mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu. Wazima wote.

Bi Kalamu, dada yetu mkubwa, mwalimu wetu, asante. Asante kwa kukubali kosa mbele ya watu, na kwa kutobanduka hapo mpaka umelitafutia dawa. Tunakuombea afya, miaka mingi pamoja na mumeo, na asubuhi ndefu za kulala mpaka uchoke. Uwe na maisha mema huko uendako. Zamu ya kesho tunayo sisi.